Aliyeagiza Ndiye Apokee

Kitendawili, na usikimbilie kujibu: mgeni kaja mlangoni kajifunika gubigubi, kakataa kufunuliwa mpaka alipwe, kalipwa, kafunuliwa, kumbe siye niliyemwalika.

Umeshindwa? Mji sikudai. Nimekwisha kupewa miji mingi na walioshindwa kabla yako, na kila mmoja una watu wa kufanyiana haya nitakayokusimulia, sina haja ya kuongeza mwingine. Jibu lake ni mzigo ulioagizwa kwa simu. Sasa sikiliza ulivyokuja.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu: viwili vya mbele, kimoja cha nyuma, na baraza nyembamba inayotazama barabara. Barazani ndipo ilipokuwa cherehani ya Fundi, ile ya kuzungusha kwa mkono. Zamani alikuwa na ya kukanyaga, lakini miguu yake ilikufa ganzi kutoka kiunoni kwenda chini, na mumewe akaibadilisha ile ya kukanyaga kwa hii ya mkono bila kumuuliza, ili mkewe asipate siku ya kuililia.

Mume alikuwa mpaka rangi. Mtaani walimwita Rangi Mbili, kwa sababu kila ukuta aliopewa aliupaka chini rangi ya mafuta na juu rangi ya maji, hata mwenye nyumba akitaka moja. "Chini panashikwa na watoto, juu panashikwa na macho," alikuwa akisema, na hakuna aliyembishia mara mbili. Kila asubuhi saa moja alimwinua Fundi kitandani, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, akapita naye ujiani mpaka barazani, akamkalisha mbele ya cherehani.

"Leo umenenepa," alimwambia kila siku.

"Ni wewe unazeeka," Fundi alimjibu kila siku.

Jioni alimrudisha. Waliishi hivyo miaka mitatu, mmoja akipaka, mmoja akishona sare za shule na kupunguza viuno vya suruali za watu waliokonda. Kisha mgongo wa Rangi Mbili ukaanza kukataa, na siku moja akaona kwenye simu tangazo la herufi kubwa. Kiti cha magurudumu. Chuma imara. Kinakunjika. Nusu bei. Usilipe hata senti mpaka mzigo ufike mlangoni kwako.

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyomshika. Kwa miaka arobaini alikuwa akipaka kuta za watu na kuambiwa njoo kesho. Wenye nyumba walimlipa nusu, walimlipa baadaye, walimlipa kwa maneno. Kitu alichotamani maisha yake yote ni kwamba kazi ikiisha, pesa itoke mkono huu iingie mkono huu, pale pale mlangoni. Alipoona kuna watu wanaofanya biashara hivyo, alidhani ni wenzake.

Chumba kimoja cha mbele kilikuwa na mpangaji, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, na kazi yake ilikuwa kupeleka mizigo ya kampuni hiyo hiyo kwa pikipiki. Rangi Mbili alimuuliza, "Hawa watu wako, mzigo unafika?"

"Unafika, mzee," alijibu mpangaji, na hilo lilikuwa kweli.

Mpangaji hakuwa na mshahara. Mteja akilipa, naye alipata chake. Mteja akikataa, gharama ya kurudisha mzigo ilikatwa kwake. Ndivyo ilivyopangwa, na walioipanga hawakuwahi kupanda pikipiki kwenye mvua.

Basi Rangi Mbili akaagiza. Jina akaweka lake, kwa kuwa simu ilikuwa yake. Pesa akaiweka ndani ya kopo tupu la rangi, chini ya kitanda, tayari kwa siku ya mlangoni. Jumapili akalalamika kifua. Jumatatu akafa. Jumanne akazikwa. Alhamisi mzigo ukaja.

"Hodi. Mzigo."

"Karibu, mwanangu," alisema Fundi kutoka chumba cha nyuma. Alikuwa kitandani, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumtoa.

Mpangaji alisimama kwenye mlango wa chumba amevaa kizibao cha kampuni. Akasoma jina la mteja kwenye karatasi, lote, herufi kwa herufi, kama mtu aliyelikuta leo. Juzi alikuwa amesimama juu ya kaburi la mwenye jina hilo akishindilia udongo kwa koleo, na malengelenge bado yalikuwa viganjani.

"Mteja yupo?"

"Wewe si ulimzika?"

"Nilimzika, mama. Ila hapa wameandika aliyeagiza ndiye apokee na alipe. Sheria si yangu."

"Pesa iko kwenye kopo hapo chini. Chukua, niachie kiti changu."

"Siwezi, mama."

"Kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni mama. Karatasi haina mahali pa mama."

Akaandika: Mteja hayupo. Akalirudisha boksi kwenye pikipiki, akaondoka. Saa mbili usiku akarudi bila kizibao, akabisha mlango ule ule, akamuuliza Fundi kama amekula. Jumapili, siku yake pekee ya kupumzika, alimbeba akamtoa barazani, naye Fundi akashona tangu asubuhi mpaka jua linazama, kama mtu anayeiba.

Jumatatu mpangaji akaja tena na boksi. Wakasemezana yale yale. Jirani, mama mmoja muuza mkaa ambaye ulimi wake haukujua siku ya mapumziko, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda akimsuka Fundi nywele.

"Mwandikie amehama," alisema. "Kwani uongo? Amehama."

"Hakuna sehemu ya amehama, mama."

"Basi andika mteja hajambo, kazi imemshinda."

Mpangaji akaandika: Mteja hayupo, mara ya pili.

Usiku huo ujumbe ukaingia kwenye simu ya marehemu, iliyokuwa chini ya mto wa mkewe. Asubuhi Fundi akausoma kwa sauti. Ilikuwa mazoea, macho ya Rangi Mbili yaliharibiwa na rangi za kupuliza, na kila ujumbe wake alisomewa na mkewe. "Mteja wetu mpendwa. Hili ni jaribio la mwisho. Uwepo nyumbani Jumatano kati ya saa nne na saa sita. Usipopatikana, mzigo utarudi ghalani na jina lako litafungiwa."

Rangi Mbili hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Jumatano saa nne kasoro robo aliingia kwa mlango wa uani, akajifuta miguu kwenye gunia. Alikuwa amevaa shati alilozikwa nalo, la harusini, lenye tone la rangi nyeupe kwenye ukosi.

"Nimesikia naitwa," alisema.

"Nimesoma kwa sauti," alisema Fundi. "Kaa. Bado hawajafika."

Hakukaa. Alitazama chumba, akatazama vitambaa vya sare vilivyorundikwa miguuni pa kitanda bila kukatwa, akajua siku zilivyokwenda. Akainama amwinue mkewe kama zamani, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti. Mikono ikapita. Alijaribu tena polepole, ikapita tena, kama inavyopita katika mvuke wa sufuria. Kopo alilishika. Kikombe alikishika. Marehemu hushika vya dukani. Vya kuzaliwa havishikiki.

Walilitazama jambo hilo wote wawili kama watu wanavyotazama paa linalovuja katika mwezi usio na pesa.

"Ndiyo maana tumeagiza kiti," alisema Rangi Mbili.

Jirani alipita na beseni la maji, akasimama. "Karibu tena, shemeji. Umepungua."

"Kule hatuli."

"Basi angalau mmepumzika na bei."

Saa nne na nusu pikipiki ikalia nje. Mpangaji akaingia na boksi mikononi, boksi kubwa, refu kufika kiunoni kwa mtu mzima, akaliweka chini katikati ya chumba. Akamwona mwenye nyumba wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa mimi sipatikani."

"Ni maandishi tu, mzee."

"Nipatie hapo nisaini."

Alisaini. Kisha akataka kisu apasue boksi. Mpangaji akaweka kiganja juu ya mfuniko. "Lipa kwanza, mzee, ndipo ufungue."

"Ninunue nisichokiona?"

"Ukifungua kabla ya kulipa, nakatwa mimi."

Neno hilo lilimwingia Rangi Mbili. Yeye mwenyewe alikuwa amekatwa maisha yake yote. Tone likidondoka kwenye kioo cha dirisha, alikatwa. Ngazi ikikwaruza ukuta, alikatwa. Hakuwa tayari kuwa sababu ya mtu mwingine kukatwa. Akavuta kopo, akatoa pesa yote, akaiweka mkononi mwa mpangaji, noti kwa noti, zikinuka mafuta ya taa. Mpangaji akainua simu kupiga picha, kwa kuwa ilitakiwa picha ya mteja na mzigo wake. Katika picha lilitoka shati na boksi, uso haukutoka. Mtambo wa kampuni ukaipokea. Ulichokuwa ukitafuta ni boksi.

Fundi alitoa mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, ule ambao hakuruhusu mtu akatie karatasi, akampa mumewe. Rangi Mbili akakata utepe, akafunua. Kulikuwa na karatasi zilizofinyangwa. Akazitoa. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine. Alitoa mpaka karatasi zikamfika magotini, naye akawa ameingiza mkono mzima ndani ya boksi mpaka kwapa, ndipo vidole vikagusa chuma.

Kilikuwa kiti cha magurudumu. Kimo chake ni cha kikombe cha chai.

Alikiweka juu ya kiganja. Akasukuma gurudumu kwa kidole, likazunguka vizuri, bila kelele. Akakikunja, kikakunjika. Akakikunjua.

"Chuma imara kweli," alisema.

Muuza mkaa, ambaye bado alikuwa mlangoni na beseni lake, akasema, "Labda kitakua," na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatamani asingesema.

Fundi hakukitazama kiti tena. Alimtazama mpangaji. Alimtazama kama anavyotazama mshono kabla ya kuufumua.

"Mwanangu," alisema. "Ulijua?"

Mpangaji akavaa kofia yake ngumu. Akafunga kamba ya kidevuni, akaifungua, akaifunga upya. Akasema bado ana mizigo kumi na mmoja ya kufikisha kabla ya saa nane. Akatoka, na pikipiki ikaondoka.

Rangi Mbili alikasirika kama alivyokuwa akikasirika alipokuwa hai: kimya, na akaomba sabuni. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akakitia kiti ndani ya boksi, akarudishia karatasi, akaliweka boksi kichwani.

"Aliyeagiza ndiye apokee," alisema. "Basi aliyeagiza ndiye alalamike."

"Usichelewe," alisema Fundi.

Alikwenda kwa miguu. Ofisi ya kampuni ilikuwa na madirisha manne ya vioo na sakafu inayong'aa kiasi cha mtu kuona soli zake. Dirisha la kwanza lilikuwa la kupokea pesa, nalo lilikuwa na makarani watatu na feni. La pili la kuagiza. La tatu lilikuwa la malalamiko, na hapo alikaa karani mmoja mwenye upole wa kulipwa.

"Pole sana, mzee wangu. Kiti kina magurudumu?"

"Kina."

"Mangapi?"

"Manne."

"Kinakunjika?"

"Kinakunjika."

"Ni cha chuma?"

"Ni cha chuma."

"Sasa mzee wangu, kitu gani hukupata?"

"Mahali pa mtu kukaa."

Karani akamgeuzia kioo cha kompyuta na kumwonyesha, chini kabisa ya tangazo, chini ya maneno ya kushukuru, mstari wa herufi nyembamba kama miguu ya sisimizi. Kimo: sentimita kumi na mbili. "Picha ni ile ile na maelezo yapo. Halafu naona umeshafungua."

"Nisingefungua, ningejuaje?"

"Malalamiko yanapokelewa kwa mzigo ambao haujafunguliwa, mzee wangu."

"Ambao haujafunguliwa unalalamikiwa nini?"

"Hilo mteja mwenyewe ndiye anajua." Karani akachukua kitambulisho cha mzee, akakigeuza. "Na hiki kimeisha muda."

"Kimeisha na mimi."

"Ungesema mapema. Wenzako ni dirisha la nne."

Dirisha la nne lilikuwa limeshushwa pazia. Mbele yake kulikuwa na benchi refu, na kwenye benchi wamekaa marehemu saba, kila mmoja na boksi lake mapajani. Kulikuwa na mama aliyeagiza jokofu akaletewa sumaku ya kubandika kwenye jokofu. Kulikuwa na mwalimu aliyeagiza simu akaletewa kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kimo cha simu, tena vizuri. Kulikuwa na mkulima aliyeagiza pampu ya maji; yeye alikufa hapo hapo kwenye benchi, wakati wa mvua kubwa, akingoja jibu, na hakuna aliyemwambia. Walisogea kuelekea ukutani, Rangi Mbili akapata nafasi ya mwisho.

"Linafunguliwa saa ngapi?" aliuliza.

"Ukiondoka unapoteza zamu," alisema mwalimu. Ndilo jibu alilopata.

Mfagizi alipopita waliinua miguu, akafagia chini yao. Wakubwa wa kampuni hawakuona ubaya. Marehemu hawaombi maji, hawaulizi choo, hawapazi sauti. Meneja aliamuru lichapishwe tangazo zuri la maandishi ya bluu, likabandikwa juu ya pazia: Wateja wetu mliotangulia, tunathamini subira yenu.

Nyumbani, Fundi alingoja siku hiyo na kesho yake. Siku ya tatu alianza kusoma kwa sauti kila ujumbe ulioingia kwenye simu, huenda mmojawapo ukamwita. Alisoma wa salio, akasoma wa bahati nasibu. Ulipokuja ule wa kampuni, "Asante kwa kununua kwetu, tupe nyota ngapi?", huo aliusoma kimoyomoyo na kuifunika simu kwa mto. Mwanzo alikuwa mjane wa kifo, na kifo hakina ofisi ya kukilalamikia. Sasa alikuwa mjane wa foleni.

Jumapili mpangaji akabisha, kama Jumapili iliyopita. "Mama, nikutoe?"

"Nilikuuliza kitu."

"Leo jua zuri, mama. Ungemaliza hata sare tatu."

"Nilikuuliza."

Mpangaji akatazama karatasi moja iliyofinyangwa, iliyokuwa imebaki chini ya meza.

"Basi nenda kafue," alisema Fundi. "Nikibebwa nashika shingo. Siwezi kushika shingo ya mtu aliyekaa na jibu langu."

Akaenda akafua. Jumapili ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Fundi hakumfukuza chumbani mwake, hakumkatia maji, hakumsema kwa majirani. Alimwitikia salamu. Alipoulizwa kama amekula, alisema amekula. Swali hakulirudia tena. Alikuwa ameliuliza kwa sauti ya kutosha.

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Huo ndio mwezi ambao Fundi alishona kwa ajili ya mwaka mzima. Kodi ya kiwanja, dawa, unga, vyote vilitoka kwenye kola za mwezi huo. Kina mama walikuja na watoto wao, naye akawapima akiwa kitandani, mtoto mmoja mmoja akigeuzwa mbele yake. Kupima aliweza. Kushona ndiko kulikomshinda. Muuza mkaa na binti yake walimwingizia cherehani chumbani, lakini dirisha la chumba lilitazama ukuta wa nyumba ya pili, umbali wa mkono, na kitambaa cha bluu kwa uzi wa bluu katika giza lile hakikuonyesha njia. Siku ya kwanza sindano ilipita kwenye kidole. Siku ya pili alishona mkono wa shati kwenye shingo. Wakajaribu wao wawili kumbeba Fundi mwenyewe. Mgongo wa muuza mkaa, ulioharibiwa na magunia, ukakatika kwenye kizingiti, na Fundi akaanguka juu yake.

"Mimi na wewe tumebaki vichwa tu," alisema muuza mkaa, wakiwa wamelala pale chini.

"Vichwa na ulimi wako."

"Huo utazikwa peke yake. Mwambie yule akubebe, bibi wee. Jibu litakushonea sare?"

"Halitanishonea."

"Sasa?"

"Amlalamikie nani, yule mzee wangu? Nasikia dirisha la marehemu halifunguliwi. Kampuni haina uso, ina kioo. Mtu mwenye uso aliyekuja na boksi lile ni mmoja tu, na analala chumba cha mbele. Simdai pesa. Anipe neno moja, lake mwenyewe, si la karatasi."

Mama wa kwanza akaja kuchukua kitambaa chake, kwa adabu, akisema atamjaribu fundi wa barabara ya pili. Baadaye wa pili. Wa tano alitingisha kichwa tu na kuchukua. Rundo la miguuni pa kitanda likapungua kila siku bila mshono hata mmoja kuingia.

Mpangaji alikuwa akipita kwenye ofisi ya kampuni kila jioni kukabidhi pesa za siku kwenye dirisha la kwanza. Ili kufika hapo ilimlazimu kupita mbele ya benchi. Rangi Mbili alikuwa amesogea nafasi moja, kwa sababu mama wa jokofu alikata tamaa akarudi kaburini.

"Mwanangu, habari za nyumbani?"

"Salama, mzee."

"Mama anatoka barazani?"

"Anatoka, mzee."

"Nani anamtoa?"

"Mimi."

Rangi Mbili hakuweza kumshika mkono, kwa hiyo aliweka kiganja juu ya kifua chake mwenyewe. "Mungu akuzidishie. Bila wewe ningeshaondoka hapa kwenda kumtazama, na zamu ingekwenda. Lakini kwa kuwa anakaa kwenye mwanga, nitakaa hata miaka."

Aliuliza hivyo kila jioni, na kila jioni mpangaji alimjibu hivyo hivyo. Jioni moja Rangi Mbili akauliza mkewe anashona rangi gani mwaka huu, na mpangaji akasema bluu. Jioni nyingine akauliza kama bado anaimba akizungusha gurudumu la cherehani, na mpangaji akasema anaimba. Jumamosi, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, mzee hakuuliza kitu. Aliwaambia wenzake wa benchi, akimwonyesha mpangaji kwa kidevu, "Huyu ndiye. Huyu ndiye niliyewaambia." Na marehemu wote wa dirisha la nne, waliodanganywa kila mmoja kwa boksi lake, wakainua viganja wakaviweka vifuani, wakamshukuru.

Mpangaji akakabidhi pesa. Karani akamwambia amefanya vizuri mwezi huu, hakurudisha mzigo hata mmoja.

Jumapili hakungoja saa moja. Alibisha kukiwa bado baridi, akasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, bila kizibao. Fundi alikuwa ameamka. Mapajani alikuwa na kitambaa kimoja cha bluu, cha mwisho. Mwenye kitambaa alikuwa amesema angekuja kukichukua saa tatu.

"Kesho naenda kazini kama kawaida, mama," alisema mpangaji. "Sina kazi nyingine."

"Nimekuuliza la kesho?"

"Hapana."

Nje, muuza mkaa alikuwa akimwaga gunia. Mkaa ukaporomoka kwa muda mrefu, kisha ukatulia. Mpangaji aliweka mikono nyuma kama mwanafunzi, akaitoa, hakujua pa kuiweka.

"Nilijua, mama," alisema. "Toka ghalani. Njia nzima niliendesha kwa mkono mmoja, wa pili nimelishikilia boksi lisipeperuke."